Daktari Wetu Anayetandika Vitanda

Hotuba kwa niaba ya wauguzi wa jumuiya, iliyotolewa Minnesota jioni ya maadhimisho ya Uhuru

   

Tumepewa dakika kumi na tano, na MC ameshatuonyesha saa yake mara mbili. Kila mwaka wauguzi tukisimama hapa huwa tunazungumzia presha na sukari, mnatupigia makofi, halafu mnakwenda kuongeza pilau. Mwaka huu presha tumeiacha mezani. Vipimo viko pale karibu na mlango. Pitieni kabla ya kula, msipitie baada ya kula.

Leo tunataka kuzungumzia madaktari. Si wale tunaowapelekea watoto kliniki. Tunawasema madaktari wetu wenyewe, waliosomea Muhimbili, KCMC, Bugando na kwingineko, wakavaa koti jeupe nyumbani, kisha wakapanda ndege kuja huku.

Mwalimu Nyerere alikuwa akiwakumbusha watu kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Kumi na wawili kwa nchi nzima. Dar es Salaam ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963. Sasa sisi wauguzi tulikaa mwezi uliopita tukahesabu kwa vidole. Katika jumuiya yetu hii, ambayo inaenea kwenye ukumbi mmoja wa kukodi, tunawafahamu watu saba wenye shahada ya udaktari ya nyumbani. Mmoja anafanya kazi ya udaktari. Waliobaki ni sita: wawili ni wasaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za wazee, mmoja anaendesha Uber, mmoja yuko ghalani anabeba maboksi kweli kweli, mmoja amesoma upya na sasa ni muuguzi mwenzetu, na mmoja ametuomba tusiseme anafanya nini. Hatutasema.

Tutawasimulia habari ya mmoja wao. Ametupa ruhusa, ila jina lake tunaliacha.

Miaka michache iliyopita tulikuwa naye zamu ya usiku, kwenye nyumba moja ya wazee. Sisi ndio tuliokuwa na leseni ya uuguzi usiku ule, yeye alikuwa msaidizi wetu. Huyu ni mtu ambaye katika hospitali ya wilaya kwetu alikuwa akiwapasua kina mama walioshindwa kujifungua, umeme ukikatika wanamulikiwa na tochi ya simu. Hapa kazi yake ilikuwa kugeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili, kubadilisha shuka, kumwaga mkojo na kuandika namba kwenye fomu. Mbele ya Wazungu tulimwita kwa jina lake la kwanza. Kwenye gari tukirudi asubuhi tulimwita Dokta.

Saa nane usiku akaja kwenye meza yetu. Akasema, "Dada, njoo umwone bibi wa chumba cha mwisho. Mguu wake wa kushoto umenenepa kuliko wa kulia, oksijeni ni 88, na anahema akiwa amelala." Akanyamaza. Tukamsubiri aendelee. Akasema, "Zaidi ya hapo siruhusiwi."

Tukamwambia, "Sema, Dokta. Hapa tupo sisi tu."

Akasema damu imeganda mguuni, na kipande kimepanda mapafuni. Alilisema taratibu, akitazama sakafu. Tukaenda, tukamwona bibi, tukampigia simu daktari wa zamu. Daktari akauliza tunashuku nini. Tukamjibu kwa Kiingereza maneno yale yale tuliyoambiwa kwa Kiswahili dakika tano kabla. Gari la wagonjwa likaja. Hospitali ikakuta ni kweli, damu iliyoganda mapafuni, na bibi akapona.

Wiki mbili baadaye watoto wa bibi wakaleta keki na kadi kubwa. Kwenye kadi waliandika majina ya wauguzi wa usiku ule. Ilibandikwa ukutani nyuma ya meza yetu, na tunakumbuka asubuhi moja tukimwangalia kaka yetu akimwaga ndoo ya taka chini ya kadi ile ile. Hatukusema kitu. Tulijiambia kwamba tukieleza ukweli, ataulizwa kwa nini msaidizi anatoa majina ya magonjwa, na huenda akapoteza kibarua. Ni kweli, tulikuwa tunamlinda. Pia ni kweli kwamba sifa ni tamu.

Sasa wengi wenu mkimwona mtu kama huyo mnasema, "Alifeli mitihani." Tumeyasikia haya kwenye misiba na kwenye harusi, mara nyingine yanasemwa yeye akiwa meza ya pili. Kwa hiyo acheni tuwaeleze njia ilivyo.

Daktari aliyesoma nje ya Marekani na Kanada hupitia kwanza chombo kinachoitwa ECFMG. Hicho huthibitisha vyeti moja kwa moja na chuo alichosoma. Kama mtu wa masijala kule nyumbani yuko likizo, barua inakaa. Kisha kuna mitihani ya USMLE. Wa kwanza, Step 1, ni wa saa nane kwa siku moja, wote sayansi ya mwili na magonjwa. Wa pili, Step 2 CK, ni wa saa tisa, wa kutibu wagonjwa. Kila mmoja unagharimu karibu dola 1,000 kwa aliyesoma nje, mbali na vitabu na maswali ya mazoezi ya kulipia. Kuna mtihani wa Kiingereza cha kitabibu pia. Na mtu akimaliza hayo yote, hajawa daktari. Amepata ruhusa ya kuomba residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, ambayo kwa udaktari wa familia au wa watoto ni miaka mitatu. Hata kama nyumbani alikuwa bingwa mwenye miaka 15 kazini, kwa kawaida anaanza tena na vijana waliomaliza chuo juzi.

Nafasi zenyewe hazitoshi. Mwaka 1997 Bunge la Marekani liliweka kikomo kwenye idadi ya nafasi za mafunzo zinazolipiwa na Medicare, na kwa zaidi ya miaka ishirini kikomo hicho hakikuguswa. Desemba 2020 ndipo zikaongezwa nafasi 1,000, nazo za kugawanywa kidogo kidogo kwa nchi nzima. Basi kila Machi kunakuwa na mgawanyo wa nafasi unaoitwa Match. Waliosoma udaktari hapa hapa hupata zaidi ya tisa katika kila kumi. Wageni waliosoma nje hupata karibu sita katika kumi. Na hao ni wale ambao tayari wamefaulu mitihani yote, wamekamilisha vyeti vyote na wameomba! Kwa hiyo mtu anaweza kufaulu kila kitu akabaki anatandika vitanda.

Hatusemi mitihani ifutwe. Sisi ni wauguzi, tumeona mgonjwa anavyoweza kudhurika kwa neno moja. Dawa mnayoijua kama Panadol hapa inaitwa acetaminophen. Salbutamol ya pumu hapa ni albuterol. Adrenalini hapa ni epinephrine. Nyumbani mtu anaambiwa sukari yako ni 7, hapa sukari hiyo hiyo inasomwa 126. Kwetu pia, aliyesomea Urusi au China hashuki uwanja wa ndege akaingia wodini siku hiyo hiyo, lazima Baraza la Madaktari Tanganyika limsajili kwanza. Kupimwa ni haki. Tunalotaka kulisema ni jingine, nalo linatuhusu sisi tuliomo humu ndani kuliko linavyolihusu Bunge la Marekani.

Kaka yetu yule alifika hapa kwa bahati nasibu ya viza, miaka miwili tu baada ya kumaliza chuo. Alikuwa na karatasi za ukaazi, hakuwa na haja ya kuomba viza ya mafunzo yenye masharti ya kurudi nyumbani miaka miwili. Vitabu vya Step 1 alikuja navyo kwenye begi. Wiki ya kwanza alikuja kwetu kuomba ushauri, na sisi wauguzi tukampa ushauri. Tulimwambia, "Anza na kazi. Pata gari, pata nyumba, tuma kidogo nyumbani. Vitabu vitasubiri."

Tulimwambia hivyo kwa nia njema, kwa sababu ndivyo sisi tulivyofanya. Tulianza usaidizi wa wauguzi, tukasoma usiku tukawa LPN, tukalea, tukazika, tukarudi shuleni, tukawa RN, na shahada tukaipata tukiwa na mvi mbili tatu. Ngazi ya uuguzi inakusubiri. Ukishuka miaka mitano ukalee watoto, ukirudi unaikuta pale pale ulipoiacha. Hakuna aliyewahi kutuuliza, "Mlimaliza shule ya nyumbani mwaka gani?"

Daktari huulizwa hilo kabla ya mengine yote. Programu nyingi za residensi zinaandika wazi kwenye masharti yao kwamba mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano iliyopita, nyingine mitatu. Wanataka pia mtu ambaye hajakaa mbali na wagonjwa, mwenye barua za madaktari wa hapa waliomwona kwa macho yao. Mitihani ya ECFMG nayo ina saa yake: ukifaulu mmoja, miaka saba ikipita bila kukamilisha mingine, ule wa kwanza unakufa. Na mtihani mmoja hauruhusiwi kuufanya zaidi ya mara nne. Ushauri wetu ulikuwa mzuri kwa muuguzi. Kwa daktari ulikuwa sumu, na tulimnywesha sisi, kwa kikombe cha chai, nyumbani kwetu.

Kabla ya kuja hapa tulimwomba Mweka Hazina atufungulie daftari la michango. Katika miaka miwili ya kwanza kaka yetu huyo alichangia misiba tisa na harusi sita. Hakukosa hata mmoja. Hakukosa kwa sababu tulikuwa tukimpigia simu, na simu yetu ilikuwa inaanza hivi: "Dokta, wewe ndiye msomi wetu, watu wanakuangalia wewe." Kule nyumbani alikuwa na ada za wadogo zake wawili na bati za nyumba ya mama. Alifanya zamu mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Vitabu vilisubiri, kama tulivyomwambia. Alipokuja kufaulu mitihani yote miwili, na alifaulu mara ya kwanza, ilikuwa imetimia miaka saba tangu ahitimu. Akaomba kwenye programu zaidi ya mia moja, na kila ombi linalipiwa. Aliitwa kwenye mahojiano sehemu moja. Hakupata. Mwaka uliofuata hakuitwa popote.

Kuna jambo jingine dogo, tuliseme tupite. Kwenye shughuli zetu watu mnamfuata Dokta na mfuko wa dawa. Niangalie hii, niandikie ile, mtoto ana homa. Kumtibu mtu hapa bila leseni ni kosa la jinai. Kwa sababu ya foleni ya kliniki unamtia majaribuni mtu ambaye doa moja tu litafunga mlango wake wote. Anashindwa kukukatalia kwa sababu ni wa kwenu. Msimfanyie hivyo.

Sasa tuwaambie habari ya yule mmoja kati ya saba. Ni dada yetu, mama wa watoto watatu. Alipofika tulikuwa tayari tumejifunza kidogo. Mumewe alikuwa dereva wa usiku. Yeye aliamka saa tisa usiku, akasoma kwenye meza ya jikoni mpaka saa kumi na mbili, akawavisha watoto, akaenda kazini. Jumamosi watoto wake walikuwa wanazunguka kwa wauguzi, nyumba hii na ile. Watatu hao wanakula kama jeshi, lakini walilelewa. Mmoja wetu anafanya kazi kliniki, akamwomba daktari wa pale amruhusu dada yetu asimame pembeni na kutazama kazi, siku mbili kwa wiki. Daktari akakubali. Baada ya miezi minne akamwandikia barua. Ile barua tunaamini ilifanya kazi kuliko alama zake, ingawa alama zake zilikuwa nzuri sana.

Mwaka wa kwanza hakupata. Alilia siku moja, kesho yake akarudi mezani. Mwaka wa pili ikafika wiki ya Match. Jumatatu ya wiki hiyo ndipo mtu huambiwa kama amepata au amekosa. Ijumaa, ile ya tatu ya Machi, ndipo huambiwa ni wapi. Jumatatu hiyo alikuwa kazini anabadilisha shuka. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaingia kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango, akasoma. Kisha akatupigia. Alikuwa analia tu, haongei. Sisi tukajua kuna msiba nyumbani, tukaanza kumuuliza, "Nani? Mama? Ni mama?" Ilichukua dakika nzima kuelewa kwamba hakuna aliyekufa.

Ameshamaliza residensi. Leo ni daktari wa familia kwenye mji mdogo wa wakulima hapa hapa Minnesota, na leo hayupo kwa sababu yuko zamu. Katika nchi hii takriban daktari mmoja kati ya wanne alisomea nje, na vijijini huko wanawategemea sana.

Milango kidogo inafunguka. Mwaka 2015 jimbo letu la Minnesota liliunda programu ya kuwasaidia madaktari wahamiaji, kuwaandaa na hata kulipia nafasi chache za residensi, kwa mapatano kwamba baadaye watafanya kazi kwenye maeneo yenye upungufu. Mwaka 2023 Tennessee ilipitisha sheria ya kumpa leseni ya muda daktari aliyefunzwa nje bila kurudia residensi, akifanya kazi chini ya usimamizi, na majimbo mengine kama Florida na Virginia yakafuata mwaka 2024. Lakini msije mkaanza kuwaambia vijana wasubiri sheria. Hata huko Tennessee mitihani ya USMLE lazima ifanywe. Tumeshamwambia mtu mmoja asubiri, mmeona.

Kwa hiyo Mwenyekiti, tuna maombi, na tunaomba yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Daktari au mtaalamu yeyote wa afya atakayefika hapa na kujiandikisha kwamba anasomea mitihani, jumuiya imsamehe michango kwa miaka miwili. Asipigiwe simu. Akifiwa yeye, achangiwe kama mwanachama kamili. Tunajua kuna watakaonung'unika. Tulishanung'unikiwa na Mweka Hazina mwenyewe jana, naye yuko pale anatabasamu. Pili, wenye watoto wakubwa na nafasi nyumbani wajiandikishe kwa ajili ya Jumamosi, kama tulivyofanya kwa dada yetu. Na sisi wauguzi tulio hospitalini na kliniki, kila mmoja atafute daktari mmoja tu anayemfahamu, amwombe amruhusu mtu wetu kutazama. Tunaogopa kuomba, tunaona kama tutaonekana wasumbufu. Mbona ruhusa za kwenda harusi Dallas tunaziomba bila aibu?

La mwisho, kisha MC achukue kipaza sauti chake. Kaka yetu wa bibi wa chumba cha mwisho hajakata tamaa. Mwaka juzi tulimtafutia daktari wa kumsimamia, amepata barua mbili mpya, na mwaka huu ameomba tena. Wiki iliyopita ameitwa. Mahojiano ni Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, kwa video. Ana zamu ya Jumatano usiku, na zamu hiyo tumeshapata mtu wa kuishika ili alale. Intaneti ya nyumbani kwake inakatika, kwa hiyo atafanyia mahojiano kwetu, na watoto wetu wameonywa.

Kilichobaki ni koti la suti. Alilokuja nalo halifungi tena. Ni mrefu, mwembamba wa mabega, kama Katibu wetu alivyokuwa kabla ya kuoa. Mwenye koti jeusi au la buluu la kimo hicho atuone pale kwenye meza ya presha, na akifika hapo tutampima kabisa.